Kasha la Chuma

Wanafunzi, katika somo hili tutajifunza jinsi watu wachache wawezavyo kuingiza nyumbani kitu kizito mno bila kuumia. Kitu chenyewe ni kasha la chuma la kuwekea fedha, ambalo wengi huliita sefu. Someni kwa makini, kwa maana habari hii niliiona kwa macho yangu, na mtu wa nyumbani kwetu alivunjika mguu kwa sababu tulitanguliza nguvu, akili tukaiacha nyuma.

1. Kwa nini kasha ni zito

Kasha la fedha hufanywa zito kwa kusudi. Kuta zake ni mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati hujazwa saruji au kitu kingine kisichoungua upesi, ili karatasi zilizomo zisiteketee nyumba ishikapo moto. Tena uzito wenyewe ni mlinzi, maana mwizi hawezi kulitia kwapani akakimbia nalo. Mwaka 1835 Charles Chubb wa Uingereza alipewa hati ya serikali kwa ajili ya kasha lake la kuwazuia wezi, na tangu hapo makasha ya namna hii yameenea duniani. Lakini uzito umzuiao mwizi humtaabisha na mwenye mali, siku aliletapo nyumbani.

2. Hesabu iliyotudanganya

Nilipokuwa kijana wa darasa la tano, baba yangu mdogo alikuwa mweka hazina wa chama cha wakulima wa kahawa katika kijiji chetu, mlimani Kilimanjaro. Fedha za watu alizitia katika sanduku la mbao chini ya kitanda chake, naye usiku hakupata usingizi. Panya akipita darini, yeye huamka na kushika panga. Mwisho wanachama wakakubaliana kununua kasha la chuma. Likaja kwa lori kutoka Moshi jioni moja, baada ya mvua, na dereva alitaka kurudi kabla ya giza. Tukaliteremsha kwa ubao mpaka uani.

Kimo chake kilikuwa cha kiuno cha mtu mzima, na uzito wake ulikuwa kilo 300, karibu sawa na magunia matatu ya mahindi. Vijana wanane walikuwapo. Mkubwa wao alikuwa kaka yangu, mwana wa huyo baba mdogo. Akasema, “Kilo 300 kwa watu wanane ni kilo 37 na nusu kwa kila mtu. Gunia moja la mahindi si zaidi ya hizo? Haya, tulibebe!” Nasi tukacheka, tukakubali.

Hesabu ile haikuwa na kosa katika karatasi. Kosa lilionekana tulipoinama. Kasha lilikuwa dogo kwa upana, hata watu wanne tu wakapata pa kushika. Basi kila mmoja alichukua kilo 75, si 37 na nusu. Tena walipofika ngazini, wale wa juu waliweza kuvuta tu, na uzito karibu wote ukawaelemea wawili waliokuwa chini. Ngazi zilikuwa tatu. Katika ngazi ya pili mmoja aliteleza kwa tope, na kasha likaponyoka, likaserereka. Kaka yangu akajaribu kulizuia kwa mguu wake, kama mtu azuiavyo mpira. Mfupa wa mguu ukavunjika.

Usiku ule tulimchukua hospitali kwa machela. Akakaa majuma mengi bila kukanyaga chini, na msimu wa kuchuma kahawa ukapita yeye ameketi barazani. Kasha nalo likabaki uani chini ya turubai, na baba mdogo akalala kando yake.

3. Mzee wa bandarini

Asubuhi akaja mzee jirani yetu, ambaye katika ujana wake alikuwa hamali wa bandari ya Mombasa.

“Shikamoo, mzee,” baba mdogo akamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Kijana anaendeleaje?”

“Yuko hospitali. Mguu umevunjika.”

“Pole sana. Basi leo asiumie mwingine. Mzigo huu haubebwi; mzigo huu huendeshwa.”

Tulidhani atalishika kasha mara moja, lakini hakuligusa. Kwanza alitwaa uzi, akapima upana wa kasha, kisha upana wa mlango wa nyumba. Akaona nafasi ni ndogo mno, akaagiza ubao wa mlango ung'olewe katika bawaba zake. Pili akaingia sebuleni, akaipiga sakafu ya mbao kwa kisigino. Ikalia kama ngoma. Akasema, “Hapa chini ni patupu. Tandikeni mbao nene zikingame juu ya boriti, ili uzito ugawanyike.” Chumba cha ndani kilikuwa na sakafu ya saruji, naye akachagua kona ya chumba hicho iwe makao ya kasha. Tatu akalifungua kasha, akatoa rafu zake, akalifunga tena kwa ufunguo, mlango wake mzito usije ukafunguka njiani ukampiga mtu.

4. Vyombo vya kazi

Kisha akakusanya vyombo vyake, navyo vilikuwa vichache: mtaimbo, magogo, mbao na kamba.

Mtaimbo ulikuwa wenzo wetu. Ulikuwa na urefu wa sentimeta 150. Mzee aliingiza ncha yake chini ya kasha, akaweka gogo dogo liwe egemeo, sentimeta 10 kutoka kwenye ncha. Zikabaki sentimeta 140 upande wa mkono, yaani mara 14. Mtu ainuapo upande mmoja tu wa kasha, upande wa pili ukikaa chini, huinua nusu ya uzito, yaani kilo 150. Gawanya 150 kwa 14, utapata karibu kilo 11. Mzee akaniita mimi, mdogo kuliko wote, akaniambia nikandamize. Nikakandamiza, na kasha lililowashinda vijana wanane likainuka upande mmoja! Sheria hii ya wenzo ilithibitishwa kwa hesabu na Archimedes, mtu wa mji wa Syracuse, zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Kristo.

Magogo yalikuwa matatu, ya mviringo na ya unene mmoja. Tuliyatia chini ya kasha, tukalisukuma juu yake. Kila gogo lilipotokea nyuma, tulilitwaa na kuliweka mbele. Mzee alipotaka kasha ligeuke, aliliweka gogo la mbele upande upande, na kasha likafuata njia ya gogo.

Mbao mbili nene, zenye urefu wa meta 3, zililazwa juu ya ngazi zikawa mwinamo. Ngazi zote tatu zilikuwa na kimo cha sentimeta 50. Basi njia ya mbao ilikuwa ndefu mara sita kuliko kimo kile, na nguvu iliyotakiwa ilikuwa sehemu moja ya sita ya uzito, yaani kilo 50, pamoja na nguvu ya kushinda msuguano. Mwinamo haukuupunguza uzito wa kasha; ulitupa njia ndefu zaidi ili tutumie nguvu ndogo. Mahali hapa mzee aliyaondoa magogo, kwa sababu kitu kilicho juu ya magogo hurudi nyuma upesi mteremkoni. Badala yake alizipaka mbao sabuni.

Kamba ilizungushwa kasha chini ya nusu ya kimo chake, ili lisipinduke. Ikapita mlango wa mbele, ikatokea mlango wa nyuma, ikafika kwenye mti uliokuwa nyuma ya nyumba. Watu sita waliishika. Baba mdogo alikaa penye mti na kuizungusha shinani kila ilipolegea, ili wale sita wakiteleza, mti ulishike kasha.

Mimi nilipewa kabari iliyofungwa kwenye fimbo ndefu. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando, si nyuma, na kuisukuma kabari chini ya kasha kila lilipopanda kidogo. Mzee peke yake ndiye aliyetoa amri. Alipoita, “Harambee!” kama mahamali wa pwani, sita wakaitika na kuvuta pamoja. Aliponyamaza, hakuna aliyevuta. Kabla ya jua kufika utosini, kasha lilikuwa limekaa katika kona yake, na siku ya pili fundi akalifunga kwa bolti nne katika saruji.

5. Maneno ya mzee

Kaka yangu aliporudi nyumbani na fimbo yake, alilitazama kasha kwa muda mrefu. Akauliza, “Mlilivuta watu wangapi?”

“Sita,” nikamjibu.

“Sisi tulikuwa wanane,” akasema, akanyamaza.

Mzee akamwambia, “Mwanangu, nguvu mlikuwa nazo. Mlikosa kupima tu. Shika haya matatu. Pima njia kabla ya kuugusa mzigo. Asisimame mtu mahali mzigo unapoweza kuangukia. Na mzigo ukiponyoka, uache uanguke. Ngazi hujengwa tena kwa siku moja.” Kaka yangu aliyashika maneno hayo. Hata alipokuwa mtu mzima, akiona watu wamekusanyika penye mzigo mzito, huuliza kwanza: “Nani ametoa amri, na nani amesimama chini?”

Wahenga walisema, Mwenda pole hajikwai.

Maswali

1. Kwa nini hesabu ya kilo 37 na nusu kwa kila mtu haikufaa kazini?
2. Kasha lina uzito wa kilo 240. Mtu ataka kuinua upande mmoja kwa mtaimbo, egemeo likiwa sentimeta 12 kutoka kwenye ncha, na sentimeta 120 kutoka mkononi. Atatumia nguvu ya kilo ngapi?
3. Ngazi zina kimo cha sentimeta 40, na ubao una urefu wa meta 2. Bila kuhesabu msuguano, ni nguvu ya kilo ngapi itakayopandisha mzigo wa kilo 200?
4. Kwa nini mzee aliyaondoa magogo penye mwinamo?
5. Kaka alipaswa kufanya nini kasha lilipoponyoka?
6. Tazama mlango na sakafu ya nyumba yenu. Andika mambo manne ambayo ungeyapima kabla ya kuingiza mzigo mzito.