Binti Yetu, Sheria na Mbunge Wetu



Tuanze na jambo linalotokea katika nyumba zetu, hata za Wakristo. Binti wa miaka 16 amegunduliwa kuwa na mimba. Baba amekasirika, anaona aibu mbele ya jumuiya. Wazee wa upande wa kijana wanakuja jioni, maneno mazuri yanasemwa, ng'ombe wanatajwa, na kabla ya mwezi kwisha binti amepelekwa kuolewa. Mama alilia jikoni lakini hakusema neno. Majirani wanasema jambo limekwisha vizuri. Je, limekwisha?

Sheria yasemaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yasema wazi kwamba hakuna anayeruhusiwa kuoa au kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ndoa ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kiislamu na ya Kihindu, zote zina umri huo mmoja. Ndoa ya mtoto ni batili, hata kama mahari yamelipwa yote. Anayemwoa mtoto aweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili.

Kanisa nalo hufundisha kwamba ndoa hufanywa na hiari ya wawili wanaooana. Kanuni 1072 ya Sheria za Kanisa inawataka wachungaji wawazuie vijana kufunga ndoa kabla ya umri unaokubalika katika nchi yao. Basi paroko akikataa kumfungisha mtoto ndoa, tusimlaumu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, kama 23 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 13. Tumshukuru Mungu, lakini hao 13 ni binti za watu.

Kazi iliyobaki kwa wabunge

Sheria tunayo. Wabunge wetu wana mambo manne ya kufanya ili ifike kijijini.

Kwanza ni fedha. Bunge ndilo linalopitisha bajeti. Afisa wa watoto asiye na gari atamfikiaje binti aliye mbali na barabara? Na binti akiokolewa lakini hana mahali pa kulala, atarudishwa kule kule alikotolewa. Shule za bweni na nyumba za kuwapokea zinahitaji fedha kila mwaka.

Pili ni vyeti vya kuzaliwa. Mzee akisema binti ametimiza 18 na cheti hakuna, nani atambishia? Mbunge adai wasajili wafike vijijini.

Tatu ni kuuliza. Kamati za Bunge zina uwezo wa kuwaita mawaziri. Waulizwe: ni kesi ngapi zilifika mahakamani, na ngapi zilimalizwa na wazee chini ya mti?

Nne ni kusema nyumbani yale aliyopitisha Nairobi. Hapa ndipo penye shida. Mbunge anajua sheria, lakini akialikwa kwenye sherehe ya kumwoza mtoto hutoa zawadi na kunyamaza. Anaogopa nini? Anaogopa kura, na kura hizo ni zetu. Sisi wazazi tukikasirika anapoitetea sheria, tumemfunga mdomo.

Tufanye nini sisi?

Mume na mke, patana mapema, kabla shida haijaingia nyumbani, kwamba hakuna binti yenu atakayeozwa akiwa mtoto. Mama, usilie jikoni peke yako. Sema na mumeo. Baba, msikilize mke wako kabla ya kuwajibu wazee. Binti akipata mimba bado ni mtoto wenu. Tangu mwaka 1994 serikali inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Mkisikia mtoto wa jirani anaozwa, mwambieni chifu au pigeni simu 116 bila malipo.

Kisha nendeni kwa mbunge wenu pamoja na wanajumuiya wengine. Mwambieni, "Mheshimiwa, ukisimama kumtetea binti, hatutakunyima kura kwa sababu hiyo." Maneno hayo hajayasikia mara nyingi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kama binti wa hadithi yetu angekuwa wetu, mimi ningesema nini? Wewe je?
2. Je, watoto wetu wote wana vyeti vya kuzaliwa?
3. Mgombea akija kuomba kura, tutamwuliza nini kuhusu ndoa za watoto?