Kishawishi Hakiji na Pembe



Somo: Mathayo 4:1-11

Nakaa Ng'ambo, hapa Unguja, jirani na majumba ya Michenzani. Mimi ni karani wa stoo kwenye duka la jumla. Siku moja dereva alileta magunia 47 ya mchele, akataka nisaini 50. "Andika tu, mdogo wangu, na yako ipo." Wakati huo ada ya chuo ya mdogo wangu wa kike ilikuwa imekwama. Nikasaini.

Usiku ule tuliangalia Return of the Jedi, filamu ya Star Wars ya mwaka 1983. Zamani nilikuwa nashangilia mapanga ya mwanga tu. Safari hii nilimwangalia Luke. Mfalme mwovu hamwambii, "Njoo uwe mbaya." Anamwonyesha marafiki zake wanavyoangamia ili apandwe na hasira. Luke anajizuia. Lakini baba yake, Darth Vader, anapomtishia kuhusu dada yake, basi, anawaka! Anapiga mpaka anamkata baba mkono. Kumbe ni mkono wa bandia. Luke anatazama wake, nao ni wa bandia. Anaona anageuka kuwa yuleyule anayempiga. Anautupa upanga.

Mie nikautazama mkono wangu uliosaini.

Hapo ndipo penye somo. Kishawishi hupita mlango wa kitu tunachokipenda au tunachokihitaji. Yesu jangwani alikuwa na njaa ya kweli, na mkate si dhambi. Shetani alianzia hapo hapo. Upendo wangu kwa mdogo wangu ulikuwa wa kweli, ila sahihi yangu ilikuwa ya uongo.

Utasema, hiyo si filamu tu? Haya, mtazame Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, Kongo. Alikuwa mkaguzi wa bidhaa zinazoingia nchini, na aliwahudumia watoto wa mitaani. Walimpa rushwa apitishe chakula kilichoharibika. Angeweza kujidanganya kwamba hela ile itawafaa watoto wake. Alikataa. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Alitangazwa Mwenyeheri Roma, tarehe 15 Juni 2025.

Floribert hakusaini. Mimi nilisaini, lakini Luke alinikumbusha kwamba hata aliyekwisha kupiga anaweza kutupa upanga. Asubuhi nilikwenda kwa bosi, mzee wa Kiislamu aliyeniajiri bila kuniuliza dini. Nikamwekea hela mezani, nikasema yote. Alinyamaza muda mrefu. "Funguo niachie, mwanangu." Mwezi mzima nilibeba magunia badala ya kuyahesabu. Ada tukailipa kidogo kidogo. Jumamosi nikaenda kuungama Minara Miwili.

Tafakari: Ni kitu gani chema ambacho Shetani anakitumia kukunasa wewe?

Sala: Ee Yesu, uliyeshinda jangwani, tulinde tunapopenda, tusije tukapenda kwa njia ya uongo. Amina.