Sungura anaamka wakati sisi tunalala



Kuna swali moja tunalolikuta karibu katika kila kikundi kinachofuga sungura: «Mama amezaa, lakini hatujamuona akinyonyesha. Amekataa watoto?» Mara nyingi, mbele ya jibu kufika, watoto wamekwisha kutolewa ndani ya sanduku, wameshikwa-shikwa, wamehamishwa, na kesho yake wamekufa. Mama naye anauzwa kwa bei ya nyama. Basi tuongee juu ya saa za sungura.

Sungura wa kibanda, awe mweupe ama wa kijivu, ametoka kwa sungura wa pori wa Ulaya, kule Uhispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Huyo anaishi ndani ya mashimo pamoja na jamaa yake. Mchana anapumzika chini ya udongo. Jua likishuka anatoka kula, anaendelea usiku, na kukipambazuka anarudi, juu anaogopa mbweha na mwewe. Kule Australia, ambako Wazungu walimpeleka akaharibu malisho, wataalam wa miaka ya 1950 walifungia sungura wa pori ndani ya uzio mkubwa ili kuwachunguza. Uzio haukuwageuza kuwa nyama wa mchana. Na wa kwetu, hata akizaliwa ndani ya kibanda, saa zake ni zile zile.

Sasa tuangalie desturi yetu. Wengi tunakata majani asubuhi, tunamupa yote mara moja, kisha tunaenda shambani. Mchana yanakauka, anayakanyaga, anayakojolea. Magaribi, wakati njaa yake inaanza kweli, hakuna kitu. Kwa hiyo chakula kikubwa kitolewe saa kumi na moja za jioni, na asubuhi kidogo tu. Maji yabaki usiku kucha, zaidi kwa mama anayenyonyesha: kiu inaweza kumfanya ale watoto wake.

Tukirudi kwa watoto: mama sungura ananyonyesha mara moja kwa siku, mara chache mbili, na inachukua dakika tatu mpaka tano tu. Mara nyingi ni usiku ama alfajiri. Kule porini, akimaliza, anafunga tundu la watoto kwa udongo na kuondoka, ili harufu yake isilete adui. Kukaa mbali nao ndiyo namna yake ya kuwalinda. Usimhukumu kama vile unahukumu mbuzi.

Namna ya kujua ni tumbo la watoto. Asubuhi, pangusa mikono na majani ya ndani ya kibanda cha mama, fungua sanduku polepole, sogeza manyoya. Tumbo la mviringo, lililojaa, na watoto wametulia: wamenyonya, funika uende. Ngozi yenye mikunjo, watoto wanahangaika: hawakunyonya. Hapo mshike mama taratibu, muweke juu ya watoto alfajiri kwa dakika chache. Akikataa tena, wagawie mama mwingine aliyezaa siku zile zile. Ndiyo maana tunashauri majirani wawili wapandishe majike yao siku moja.

Na majira? Ulaya, siku zikianza kurefuka na majani mapya yakiota, sungura wa pori anazaa sana. Kwetu Kivu, karibu na ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima. Kinachoamua ni majani. Mimba ni siku 31. Jike aliyepandishwa katikati ya mwezi wa sita atanyonyesha katikati ya kiangazi, wakati majani ni ya shida. Mhesabie mbele. Masika, majani yapo tele lakini yamelowa: yaache yanyauke nusu siku, la sivyo tumbo litavimba ama atahara.

Wenzetu wa bonde la Ruzizi wana shida ingine, joto. Likipita digrii 30, dume anaweza kukosa nguvu ya kuzalisha kwa majuma mengi. Mpe kivuli, na upandishe asubuhi mapema ama jioni.

Tena, usiku ndiyo saa ya siafu. Miguu ya kibanda isimame ndani ya makopo yenye mafuta ya moteri yaliyotumika, na chunguza majani yasiguse ukuta, juu siafu wanapita hapo kama daraja.