Fleva ya Chokoleti na Pafu la Mtoto Wako

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Kigombe na vijiji jirani

Kijitabu hiki kisomwe kwa sauti nyumbani, wakubwa na wadogo wakiwapo. Kinahusu sigara ya umeme, ile ambayo vijana huiita vepu au shisha peni, na hasa tabia ya kujichanganyia maji yake nyumbani ili yapate ladha ya chokoleti, vanila au pipi. Mchanganyaji hutafuta glisarini, huagiza nikotini mtandaoni, kisha hutia ladha ya keki, na wengine hufika hadi kuyeyusha chokoleti yenyewe. Moshi unaotoka hunukia vizuri, mama akipita hashtuki, bibi hashtuki. Moshi wa sigara ulikuwa ukituonya kwa harufu yake. Huu hautuonyi.

Kifaa chenyewe

Ndani ya vepu mna betri, waya mdogo unaopata moto, na pamba iliyolowa yale maji. Mtu akivuta, waya huchemsha maji yakawa mvuke, na mvuke huenda kifuani. Aina iliyoenea duniani ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, mvutaji mkubwa wa sigara aliyekuwa akitafuta njia ya kuacha. Tuseme ukweli wote: kwa mtu mzima aliyekwisha kutekwa na sigara, vepu ya kiwandani yenye kukaguliwa humpunguzia baadhi ya sumu zitokanazo na kuungua kwa tumbaku, na Uingereza huitumia kuwasaidia wavutaji waache. Lakini kijana wa miaka 15 ambaye hajawahi kushika sigara hana cha kuacha. Yeye anaanza. Na yule anayechanganya mwenyewe chumbani hana anayemkagua.

Kinacholiwa si lazima kifae kuvutwa

Hoja inayotolewa mara nyingi ni hii: "Ni chokoleti tu, mbona tunakula?" Ijibiwe kwa utulivu, kwa sababu anayeiuliza hajauliza upuuzi.

Chokoleti ni mafuta ya kakao, sukari, na mara nyingi unga wa maziwa. Tumboni kuna nyongo na vimeng'enya vya kuvunja mafuta hayo, na kisichohitajika kina njia ya kutokea. Pafu halina vitu hivyo. Lina vifuko vya hewa, mamia ya mamilioni, na ukuta wa kila kimoja ni mwembamba mno ili hewa ipenye kuingia kwenye damu. Mafuta yakifika pale, chembe za ulinzi huyameza zikashindwa kuyayeyusha. Zinajaa, pafu linavimba, mtu anakohoa na kukosa pumzi. Madaktari huita hali hiyo nimonia ya mafuta. Haikuanza na vepu. Miaka ya 1990 madaktari wa Saudi Arabia walieleza habari za watoto wachanga waliougua hivyo baada ya kupewa samli kwa mila ya nyumbani, ikapotea njia ikaingia kifuani. Samli ile ile inayotiwa kwenye wali.

Sukari nayo haigeuki mvuke. Huganda juu ya waya ikaungua, na ikiungua hutoa gesi kali, mojawapo formaldehaidi, dawa inayotumika kuhifadhia maiti. Glisarini ikipata moto kupita kiasi hutoa akrolini. Hii kila anayekaanga samaki anaijua, ingawa huenda hajawahi kusikia jina lake: mafuta yakiungua karaini, ule moshi unaokuchoma macho na koo ukakimbia jikoni, sehemu ya ukali wake ni akrolini. Jikoni unakimbia. Kwenye vepu imefunikwa na harufu tamu, na mtu anaivuta kwa kina akaishikilia kifuani.

Wapo watakaosema watatumia ladha ya kichupa isiyo na mafuta wala sukari. Hapo pana habari ya kiwanda cha bisi katika mji wa Jasper, jimbo la Missouri, Marekani. Mwaka 2000 iligundulika kwamba wafanyakazi kadhaa wa kiwanda hicho walikuwa wameharibika mapafu, vijia vidogo vya hewa vimeziba kwa makovu yasiyopona. Chanzo kilikuwa diasetili, kitu kinachotia ladha ya siagi na maziwa kwenye vyakula. Wafanyakazi wale hawakuvuta vepu. Walipumua hewa ya kiwandani tu. Kuila diasetili hakukuwa na tatizo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima fleva 51 za vepu wakaikuta diasetili kwenye 39. Na fleva zenye utamu wa siagi, krimu na karameli ndizo ambazo mchanganyaji wa nyumbani huzitafuta ili chokoleti yake inoge. Mwaka uliofuata, watafiti wa Arizona walionyesha maabara kwamba kemikali moja inayotoa harufu ya chokoleti huvuruga namna chembe za njia ya hewa zinavyopitisha chumvi na maji, kazi ambayo ndiyo hulainisha makohozi na kusafisha kifua.

Kwa hiyo kichupa cha ladha kikiandikwa kuwa ni salama kwa chakula, maandishi hayo ni ya kweli na yanahusu chakula. Hayasemi lolote juu ya mvuke.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa mwaka 2019 huko Marekani. Vijana waliokuwa wazima walianza kulazwa wakiwa hawawezi kupumua. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati yao walikufa. Wengi walikuwa wamevuta mchanganyiko wenye kilevi cha bangi, ulionunuliwa kwa marafiki au mtaani, na kilichoshukiwa zaidi kilikuwa vitamini E iliyotiwa ili kuuzidisha mchanganyiko. Vitamini hiyo hupakwa usoni, na watu huimeza kwenye vidonge. Kifuani ndiyo iliyoshukiwa kuua.

Kuhusu glisarini tuseme kidogo. Ile ya kupaka ngozini haikutengenezwa kuvutwa. Isitoshe, vimiminika vya jamii hii vimewahi kuchafuliwa na sumu inayofanana navyo kwa macho na utamu. Mwaka 2022 zaidi ya watoto 60 wa Gambia walikufa kwa figo kushindwa kazi baada ya kunywa dawa za kikohozi zilizochafuliwa hivyo. Dawa zile zilitoka kiwandani. Chumbani kwa kijana hakuna kipimo chochote.

Na karafuu, iliki, mdalasini wa Amani? Ni viungo vyetu, lakini hoja ni ile ile. Karafuu ina ziada yake: hutia ganzi, ndiyo maana tunaiweka kwenye jino linalouma. Ikivutwa hutia koo ganzi, na koo lenye ganzi halikatai moshi. Kwa miaka mingi karafuu ya Zanzibar ilinunuliwa Indonesia kwa ajili ya sigara za karafuu. Marekani ilipiga marufuku sigara za karafuu, chokoleti, pipi na matunda tarehe 22 Septemba 2009, kwa sababu ladha hizo ndizo zilizokuwa zikiwaingiza watoto kwenye uvutaji.

Kichupa dirishani

Hapa tunawaomba wazazi wasome polepole. Hata kama hakuna anayevuta nyumbani kwako, kichupa kinaweza kuingia na mgeni, na kwa mtoto mdogo hatari yake huja ndani ya dakika chache tu.

Kichupa chenyewe ni cha plastiki laini, kinaenea kiganjani, kina mdomo mwembamba wa kudondoshea. Kinafanana na kichupa cha dawa ya macho, na wapo watu waliojidondoshea nikotini jichoni kwa kukosea. Kina picha ya chokoleti au pipi, na kinanukia hivyo hivyo. Mtoto wa miaka miwili atakifungua anywe kile alichoahidiwa na ile picha.

Nikotini ni sumu. Wakulima wa Urambo na Tabora wanaovuna tumbaku ikiwa na umande huijua: huingia mwilini kupitia ngozi yenye unyevu, na jioni mtu anatapika, kichwa kinazunguka, hana nguvu. Hapo ni jani bichi tu, na kwa mtu mzima. Maji ya kuchanganyia nyumbani huwa na nikotini nzito zaidi kuliko ya kuvuta, kwa sababu yananunuliwa ili yapunguzwe. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alikufa Fort Plain, jimbo la New York, baada ya kunywa maji ya vepu, na baadaye Marekani ikatunga sheria kwamba vichupa hivyo viwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Kichupa kilichochanganywa nyumbani, kikamiminwa kwenye chupa ya maji au ya dawa, hakina kifuniko hicho. Pwani yetu tumeshauguza watoto wengi kwa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Kosa ni lile lile.

Mtoto akinywa, au akimwagikiwa, dalili huja upesi: kutapika, mate kumjaa, jasho, kupauka, moyo kwenda mbio, kutetemeka. Ikizidi anapata degedege, analegea, pumzi inakuwa nzito. Fanya hivi:

Mvue nguo zilizolowa, umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Futa mdomo wake. Usimtapishe kwa kidole wala maji ya chumvi. Usimpe maziwa wala mafuta. Akilegea, mlaze ubavu. Mpeleke zahanati mara moja, na kama anahitaji zaidi, Hospitali Teule Muheza au Bombo mjini Tanga. Kichupa kichukue uende nacho, kwa kuwa daktari atauliza ni nini na kiasi gani. Ukiwa njiani mtu mwingine apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, aombe ushauri. Usingoje asubuhi, wala usikifiche kichupa kwa aibu.

Kuzungumza na kijana

Tunashauri asianze baba akiwa na hasira. Mara nyingi mjomba au bibi husikilizwa zaidi, na neno la kwanza liwe swali: "Nani alikupa? Kinakusaidia nini?" Dalili za kutazama ni kikohozi kikavu, kiu isiyoisha, harufu tamu chumbani bila kuwapo pipi, na kijana kuwa mkali asubuhi mpaka ajifungie kidogo. Kifaa chenyewe hufanana na kalamu au flashi ya kompyuta.

Mwambie ukweli kwamba nikotini humteka kijana upesi kuliko mtu mzima, kwa kuwa ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Na kwa vijana wa Kigombe kuna jambo ambalo wa mjini hawalijui: anayezamia pweza anaishi kwa pumzi yake. Hilo halihitaji mahubiri. Mwulize siku hizi anakaa chini ya maji muda gani kuliko zamani.

Akitaka kuacha, wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Hamu humjia kwa mawimbi ya dakika chache kisha hupita. Asiachwe peke yake jioni, na wenzake wasivute mbele yake. Akishindwa, aende kituo cha afya aseme wazi anachotumia. Huko atapata msaada, na hajafanya kosa la kumfungia mtu mlango.

Upande wa sheria, Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, na shisha ilipigwa marufuku nchini mwaka 2016. Uganda ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya 2015 imekataza sigara za umeme zenyewe. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zipige marufuku fleva zote za vepu. Ukiona duka au mtu anawauzia watoto, mwambie mwenyekiti wa kijiji, au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Ukikipata kichupa au kifaa

Usikimwage kisimani, shimoni wala baharini. Maji ya Kigombe yamo kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, na ndimo tunamopata samaki na mwani. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, kaza kifuniko, kifunge ndani ya mifuko miwili, kiweke juu mahali pasipofikiwa na mtoto, kisha ukipeleke zahanati uwaulize pa kukitupia. Betri usiitie kwenye moto wa takataka, hulipuka. Ukishamaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto au kushika chakula.