Atomi na Wanasayansi Walioichunguza

Jaribio
Vifaa: glasi, maji safi ya kunywa, kijiko cha chai na chumvi.
Njia: Tia kijiko kimoja cha chumvi katika glasi ya maji. Koroga mpaka chumvi isionekane. Kisha onja maji hayo kidogo.

Je, chumvi imekwenda wapi? Macho hayaioni, lakini ulimi unatambua kuwa ipo. Chumvi imegawanyika katika chembe ndogo sana, nazo zimeenea ndani ya maji. Twaweza basi kujua kuwa kitu kipo hata kama hatukioni. Katika sura hii tutajifunza jinsi wanasayansi walivyoichunguza chembe ambayo hawakuweza kuiona kwa macho.

Fikira za kale
Yapata miaka 2,400 iliyopita, huko Ugiriki, aliishi mtu aliyeitwa Democritus. Yeye alifundisha kuwa ukikata kitu vipande vipande, mwishowe utafikia chembe isiyoweza kukatwa tena. Jina "atomi" limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kisichogawanyika. Lakini Democritus hakuwa na jaribio la kuthibitisha maneno yake. Mwenye hekima mwingine, Aristotle, aliyapinga, na watu wengi wakamfuata Aristotle kwa karne nyingi.

John Dalton
John Dalton alizaliwa Uingereza mwaka 1766, akiwa mtoto wa mfumaji nguo. Alikuwa mwalimu, naye alipenda sana kupima vitu. Mwaka 1808 alitoa kitabu kilichoeleza kuwa kila elementi ina atomi za namna yake, na kwamba atomi za elementi mbalimbali hutofautiana kwa uzito. Vitu vipya hupatikana atomi hizo zinapoungana kwa hesabu maalum. Kwa mfano, katika kila gramu 9 za maji halisi mna gramu 1 ya haidrojeni na gramu 8 za oksijeni, yawe ni maji ya mvua au ya kisima. Dalton aliamini kuwa atomi haigawanyiki.

J. J. Thomson
Mwaka 1897, mjini Cambridge, J. J. Thomson alipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyoondolewa karibu hewa yote. Aligundua chembe nyepesi kuliko atomi yoyote, zenye umeme wa namna iitwayo hasi. Chembe hizo huitwa elektroni. Kumbe atomi ina sehemu ndani yake! Thomson akafikiri kuwa elektroni zimekaa ndani ya atomi kama mbegu zinavyokaa ndani ya tikiti maji.

Ernest Rutherford
Mmoja wa wanafunzi wa Thomson alikuwa Ernest Rutherford, aliyezaliwa New Zealand mwaka 1871. Mwaka 1909, mjini Manchester, wasaidizi wake Hans Geiger na Ernest Marsden walielekeza chembe ziendazo kwa kasi kubwa kwenye bamba jembamba sana la dhahabu. Marsden alikuwa bado mwanafunzi. Kama atomi ingekuwa kama tikiti, chembe zote zingepenya moja kwa moja. Nyingi zilipenya, lakini chache mno zilirudi nyuma kana kwamba zimegonga kitu kigumu.

Rutherford alifikiri sana juu ya jambo hilo. Mwaka 1911 alieleza kuwa karibu uzito wote wa atomi umekusanyika katikati, katika kiini kidogo mno, na kwamba sehemu kubwa ya atomi ni nafasi tupu. Atomi ingekuwa na upana wa uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa kama punje ya mtama. Hivyo mwanafunzi alisahihisha fikira za mwalimu wake. Hakufanya hivyo kwa dharau, bali kwa ushahidi wa jaribio. Baadaye James Chadwick, aliyekuwa mwanafunzi wa Rutherford, aligundua nyutroni ndani ya kiini mwaka 1932.

Kumbuka
Katika sayansi, neno halikubaliwi kwa sababu limesemwa na mkubwa. Hukubaliwa likithibitishwa, nalo hurekebishwa ushahidi mpya unapopatikana.

Zoezi
1. Kwa nini fikira za Democritus hazikutosha kuwathibitishia watu kuwa atomi zipo?
2. Dalton alikosea katika jambo gani? Ni nani aliyeonyesha kosa hilo?
3. Ni chembe zipi zilizomwonyesha Rutherford kuwa atomi ina kiini: zilizopenya au zilizorudi? Eleza.
4. Fanyeni wawili wawili. Mmoja aweke jiwe sakafuni na kulifunika kwa ubao ulioinuliwa kidogo kwa matofali, mwenzake asilione. Mwenzake abingirishe gololi chini ya ubao kutoka pande zote, kisha achore mahali anapodhani jiwe lipo. Inueni ubao mkaone. Jaribio hili linafanana vipi na lile la bamba la dhahabu?