Uwanda wa Runnymede na Kumbukumbu Zake: Mahali kama Matini

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kuitafuta matini kitabuni au kinywani mwa mtambaji. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mahali pia huweza kusomwa kama matini: pana watunzi, pana hadhira, pana yaliyosemwa na yaliyonyamaziwa. Mfano wetu ni Runnymede, uwanda wa nyasi ulio kando ya Mto Thames, magharibi mwa London, nchini Uingereza. Tunashikilia kwamba kumbukumbu zilizojengwa hapo hutueleza zaidi kuhusu waliozijenga kuliko kuhusu tukio lenyewe, na kwamba msomaji makini hana budi kuuliza: ni nani hakutajwa?

Mahali na Tukio

Jina Runnymede huhusishwa na maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya mkutano wa ushauri na malisho. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka neno letu baraza, ambalo hutaja mahali pa kuketi nje ya nyumba, na papo hapo hutaja watu wanaoketi kushauriana. Katika lugha zote mbili, mahali na mazungumzo vimefungwa pamoja.

Mnamo tarehe 15 Juni 1215, Mfalme John alikutana hapo na makabaila waliomwasi, ambao mwezi mmoja kabla walikuwa wameuteka mji wa London. Makubaliano yao yaliandikwa kwa Kilatini, yakathibitishwa kwa muhuri wa mfalme wala si kwa sahihi yake. Hati hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Magna Carta, yaani Hati Kuu. Wataalamu wameigawa katika vifungu 63, na vingi kati ya hivyo vinahusu mambo ya kawaida: kodi, mirathi, haki za wajane, hata mitego ya samaki mtoni. Umaarufu wake umetokana hasa na vifungu viwili. Cha 39 kinakataza mtu huru kukamatwa au kunyang'anywa mali ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Cha 40 kinamzuia mfalme kuiuza haki, kuinyima au kuichelewesha.

Tuangalie uteuzi wa msamiati. Anayelindwa na kifungu cha 39 ni "mtu huru". Watwana waliofungamanishwa na ardhi ya mabwana wao, ambao walikuwa sehemu kubwa ya Waingereza wa wakati huo, hawakuwa watu huru. Neno moja liliwafungulia wachache mlango na kuwaacha wengi nje.

Isitoshe, hati yenyewe haikuishi hata wiki kumi na moja. Tarehe 24 Agosti 1215, Papa Innocent wa Tatu aliibatilisha, na vita vikazuka. John alifariki mwaka wa 1216, na hati ikatolewa upya, ikiwa na mabadiliko, katika miaka ya 1216, 1217 na 1225. Kwa hiyo, ukuu wake haukutokana na siku moja ukingoni mwa mto, bali na vizazi vilivyoisoma upya na kudai zaidi ya yale waliyokusudia watunzi wake.

Kumbukumbu na Watunzi Wake

Hakuna jengo la mwaka wa 1215 uwandani. Kumbukumbu tunazozizungumzia zote ni za karne ya 20 na ya 21.

Ya kwanza iko juu ya kilima cha Cooper's Hill, na ilizinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mnamo Oktoba 1953. Kutani mwake mmeandikwa majina zaidi ya 20,000 ya wanahewa wa Jumuiya ya Madola waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia na ambao makaburi yao hayajulikani. Hapa jina limechukua nafasi ya kaburi.

Ya pili, ya mwaka wa 1957, ilijengwa na Chama cha Mawakili wa Marekani. Maandishi yake yanaitaja Hati Kuu kuwa ishara ya uhuru chini ya sheria. Ni jambo la kuzingatia kwamba mnara unaoienzi hati hiyo uwandani hapo ulijengwa na wageni, wazao wa koloni lililoasi Uingereza.

Ya tatu ni ya Rais John F. Kennedy, iliyozinduliwa mwaka wa 1965. Mgeni hupanda ngazi 50 za mawe msituni hadi kwenye jiwe jeupe la Portland. Msanifu wake, Geoffrey Jellicoe, aliongozwa na kitabu cha John Bunyan ambacho wasomaji wetu wanakijua kama Safari ya Msafiri. Fasihi imegeuzwa njia ya miguu.

Ya nne ni viti 12 vya shaba vilivyotengenezwa na Hew Locke mwaka wa 2015, hati ilipotimiza miaka 800. Viti hivyo vimenakshiwa picha za harakati za kupigania haki, na mtu yeyote anaruhusiwa kuketi. Mtunzi ameacha nafasi tupu ijazwe na msomaji.

Yaliyonyamaziwa

Uhusiano wa matini hii na Kenya si wa kubuni. Sheria ya Mahakama ya mwaka wa 1967 inaitambua sheria ya kimila ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Hata hivyo, Malkia alipozindua kuta za Cooper's Hill mwaka wa 1953, Kenya ilikuwa imetimiza takriban mwaka mmoja chini ya hali ya hatari. Mawakili waliposimamisha mnara wao mwaka wa 1957, maelfu ya Wakenya walikuwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwafrika wa koloni alikuwa mtwana wa kifungu cha 39.

Tusimnyoshee kidole mkoloni pekee. Baada ya uhuru, serikali yetu wenyewe iliendelea kuweka watu kizuizini bila mashtaka. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa humo kuanzia Desemba 1977 hadi Desemba 1978. Ndiyo maana Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, kinachotaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, si pambo.

Mwaka ule ule wa 2015, mnara wa waathiriwa wa mateso ya kikoloni ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kwa ufadhili wa Uingereza. Unaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Visomwe pamoja, mnara huo na viti vya Runnymede; kila kimoja kinataja kilichokosekana kwa mwenzake.

Tamati

Jiwe halisemi lenyewe, husemeshwa. Mwanafunzi wa Kiswahili apitapo penye mnara wowote, na asome kilichoandikwa, kisha akitafute kisichoandikwa.

Maswali ya Mjadala

1. Chagua mnara mmoja katika kaunti yako. Nani aliujenga, na nani hakutajwa?
2. Linganisha dhima ya neno "mtu huru" katika Hati Kuu na neno "kila mtu" katika Katiba ya Kenya ya 2010.