Yakobo Awaita Wanawe

Jumatano

Soma Mwanzo 47:28–31 na 49:29–33. Yakobo aliagiza nini, na aliwaagiza akina nani?

Yakobo aliishi Misri miaka 17, akitunzwa na Yusufu. Alipoona siku zake zinakaribia mwisho, hakungoja mpaka ashindwe kusema. Alimwita Yusufu, aliyekuwa na uwezo wa kulitimiza jambo hilo, akamwapisha asimzike Misri. Baadaye akawaambia wanawe wote: alitaja pango, shamba, aliyeliuza na waliozikwa humo. Ndiyo maana Yusufu, alipoomba ruhusa ya Farao, hakuwa na haja ya kubahatisha mapenzi ya baba yake (Mwanzo 50:4–6).

Soma Mwanzo 27:1–10. Isaka alipanga mambo yake kwa namna gani?

Isaka naye alikuwa mzee, macho yamefifia. Lakini yeye alizungumza na mwana mmoja, kwa faragha. Rebeka akasikia, akapanga lake, na nyumba ikagawanyika. Zaidi ya hayo, Isaka aliyedhani kifo ki karibu aliishi miaka mingi baadaye (Mwanzo 35:27–29). Uzee waweza kuwa safari ndefu, nayo yahitaji maandalizi.

Wengi wetu tunaogopa mazungumzo haya, tukidhani ni kumchulia mzazi kifo. Kisha mama anapooza ghafla. Binti anayeishi naye anabeba mzigo peke yake, kaka zake walioko mjini wanaamua kwa simu, na mama mwenyewe hawezi tena kusema alitaka nini. Ugomvi unaozuka hapo mara nyingi si wa watu wabaya; ni wa watu ambao hawakuulizana mapema.

Basi, ketini na mzazi angali na nguvu. Mwulizeni yeye kwanza, kisha msikilize. Angependa kuishi wapi asipoweza kujihudumia? Nani atampeleka kliniki, na wengine watachangia nini kila mwezi? Akishindwa kusema, nani azungumze na madaktari kwa niaba yake? Hati ya shamba iko wapi? Wosia umeandikwa? Hapa Tanzania, wosia unaweza kuhifadhiwa RITA.

Je, kupanga hivi ni kukosa imani? Soma Waebrania 11:22. Yusufu anahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa imani kwa sababu alitoa maagizo alipokuwa karibu kufa. Hata Yesu, katikati ya maumivu ya msalaba, alihakikisha mama yake ana mahali pa kukaa (Yohana 19:26, 27).

Ni swali gani ambalo hujawahi kumwuliza mzazi wako, au ambalo watoto wako hawajui jibu lake kutoka kwako? Ni nini kinachokuzuia kulizungumza kabla ya Sabato ijayo?